Sehemu ya Saba Iliyoliwa na Mchwa

Kitabu kilikatwa kwa mkasi wa kushonea, na aliyekikata alikuwa Mounira, tena bila kupepesa jicho.

Mjini Kasongo, katika nyumba za Waislamu wa zamani, mtu akifa husomewa hitima. Msahafu umegawanywa juzuu thelathini, kila moja na jalada lake. Kila msomaji anachukua yake, anainamisha kichwa, na kabla chai haijapoa Kurani nzima imekwisha kusomwa. Mounira aliliona jambo hilo tangu hajaota meno ya ukubwani. Basi ilipofika nakala moja tu ya kitabu cha tatu cha *Mwavita wa Ng'ambo*, na wanawake saba wanaigombania kama mpira wa kona, yeye hakuona taabu. Alikata mgongo wa kitabu, akagawa kurasa mafungu saba, akashona kila fungu kwa uzi mweusi. Kila mmoja asome lake nyumbani, kisha kila Jumamosi baada ya alasiri mmoja awasimulie wenzake, kwa zamu, mpaka kitabu kiishe.

Shauri lilikuwa zuri, na lilikuwa na tundu moja ambalo hakuna aliyeliona. Kurani ukiigawa, Mungu anasikia juzuu zote. Hadithi ukiigawa, anayejua kilichoandikwa katika fungu lako ni wewe peke yako.

Fungu la saba, la mwisho, lilimwangukia Fatuma, mke wa Iliasi, mwenye duka la sukari, sabuni na betri karibu na soko. Na Fatuma akasema uongo.

Nikueleze ilivyokuwa, usije ukamhukumu mbio mbio kama walivyofanya wengine. Mwaka ule Iliasi aliuza cherehani ya mkewe bila kumuuliza. Fatuma alipouliza, akazabwa kofi mbele ya wateja. Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake, akambeba mwanawe Zuberi mgongoni, akaenda zake kwa baba yake, kijijini Lusangi, akakaa huko miezi minne akilima karanga na kulala usingizi mzito. Ndipo ukaja ujumbe: wazee wanne, kuku wawili, kitenge kimoja, na Mounira mbele yao, kwa sababu Mounira ni dada mkubwa wa Iliasi na hakuna shughuli ya ukoo inayompita. Waliongea kutwa nzima. Baba yake akachoka, mama yake akalia, na jioni Fatuma akarudishwa Kasongo.

Siku ya tatu baada ya kurudi ikawa zamu yake ya kusimulia.

Alikuwa amekwisha kulisoma fungu lake, alilowekewa alipokuwa Lusangi, jikoni, mara tatu, huku maharage yakiungua. Mwavita, yule mwanamke wa kwenye hadithi, alikuwa amemwacha mume wake mchimba dhahabu, akajichongea mtumbwi, akawa anavusha watu mto Luama. Na katika fungu la saba mume anatuma wazee wanne wakamrudishe. Wazee wanne! Na kuku wawili. Mwandishi, Mwalimu Théophile wa Wamaza, hakumjua Fatuma wala hajawahi kumwona, lakini hata idadi ya kuku aliipata. Tofauti ilikuwa moja tu: Mwavita alikataa kurudi.

Basi hebu mweke Fatuma pale kwenye mkeka, uani, wanawake sita wamemkodolea macho, mmoja wao Mounira. Nyuma ya pazia, dukani, Iliasi anapanga sabuni na masikio yake yote mawili yako uani. Ndiyo sharti aliloweka: wanawake wasome, ila wasomee kwake, apate kusikia wanachosoma. Fatuma alifungua mdomo aseme Mwavita alikataa, na mdomo ukakataa. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba Mwavita alishuka mtumbwini, akapiga magoti mchangani mbele ya wazee, akaomba msamaha, akaufunga mtumbwi kwenye mti na kuufuata mgongo wa mume wake. Mwisho.

Kwa nyuma ya pazia Iliasi akasema, "Hii sasa njo kitabu," yaani hicho ndicho kitabu hasa. Akatuma soda saba, za baridi.

Wanawake walizinywa huku wakitukana. Mounira alitema mate chini. Alisema Mwavita ni mjinga, hana haya, kheri angezama. Alisema mwalimu amewaibia machozi yao ya vitabu viwili vizima. Wiki ileile aliandika barua kwenda Wamaza, wote sita wakaweka sahihi na Fatuma akaweka ya saba, kumwambia mwalimu kwamba Kasongo haitaki kitabu cha nne. Mwalimu alijibu kwa mistari miwili: "Mama zangu, sijui mmesoma kitabu gani. Nawaomba, zisomeni tena kurasa za mwisho."

Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Mounira asomeshwe tena kama mtoto aliyefeli? Kitabu kibaya ukirudia kukisoma unajipiga mwenyewe mara mbili, alisema. Dorothée, muuguzi, mtu wa haki, ndiye pekee aliyeuliza fungu la saba liko wapi. Fatuma akasema limeliwa na mchwa.

Halikuwa limeliwa. Alilishona ndani ya mto wa kulalia, katikati ya sufi, na kwa miaka minane alilaza kichwa juu yake, ubavuni mwa Iliasi. Kitabu cha nne hakikuja. Na jina la Mwavita likawa tusi la kikundi. Mwanamke akisema hataki jambo, kisha akalegea, wanamwambia, "Umefanya Mwavita." Walicheka sana kwa neno hilo. Fatuma alikuwa akiwamiminia chai, na kila walipocheka alihisi wanamcheka yeye. Alikuwa na hasira nao, ya kweli, na hakuwa na haki ya kuitoa kwa sababu uongo ulikuwa wake.

Sasa tufike Jumamosi moja, mwaka huo wa nane.

Dorothée alikuja na mgeni. Huyo mgeni aliitwa Francine, mzaliwa wa Bukavu, aliyekuwa akiwauzia wachimbaji wa dhahabu nguo kule Salamabila mpaka risasi zilipomkimbiza. Miezi sita sasa alikuwa Kasongo, na alipenda vitabu kuliko wali. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akakunja miguu, akapewa chai.

Siku hiyo walikuwa wanatafuta cha kusoma, na kama kawaida mazungumzo yakageuka kuwa malalamiko.

"Mimi sianzi tena kitabu yenye haina mwisho," alisema Dorothée. "Ile ya Mwavita ilinifundisha. Nilingoja ya ine, nikangoja, mpaka mutoto wangu ameolewa, sasa iko na mutoto wake."

"Unangoja nini?" Mounira akamdaka. "Sisi njo tulisema asilete. Kama ya tatu ilikuwa mubaya, ya ine ingetoka wapi muzuri?"

Francine aliweka kikombe chini. "Samahani, mama. Munasema Mwavita wa Ng'ambo? Tomu ya tatu?"

"Ile ile."

"Lakini ile njo inapita zote! Ile mwisho ya mu mtumbwi, mimi nililia."

"Ulilia kwa sababu anapiga magoti?"

"Nani anapiga magoti?" Francine aliwatazama mmoja mmoja, akidhani wanamtania. "Mwavita? Mwavita hakurudi."

Kicheko kilichopasuka hapo kilimfanya hata Iliasi achungulie. Mounira alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha ghafla, kama anavyoacha siku zote anapokusudia kuuma.

"Dada, hapa tulisoma. Sehemu saba, watu saba. Wewe ulisoma wapi?"

"Salamabila. Mwalimu mwenyewe aliniuzia, ku Wamaza, njiani."

"Lete basi tuone."

Francine hakuwa nacho. "Nilikimbia na mutoto mumoja na sufuria moja. Vitabu vilibaki."

"Ah," alisema Mounira. "Vilibaki." Akawageukia wenzake. "Watu wa Salamabila, kila kitu yao ilibaki. Dhahabu ilibaki, nyumba ya vyumba kumi ilibaki, sasa na kitabu."

Wengine wakacheka, ila si kwa raha. Dorothée alisema, "Mounira, hapana vile," lakini alisema chini chini, kwa sababu yeye ndiye aliyemleta mgeni na sasa aliona aibu pande zote mbili.

"Mimi si mutunzi wa uongo," Francine alisema. Macho yake yalikuwa yameanza kulowa na alichukia kwamba yalilowa. "Mwalimu iko mzima. Iko na ya ine mu kaye saba za shule, ndani ya sanduku. Nilimuuliza, unangoja nini? Akaniambia, wenye walinisoma wa kwanza walinikataa bila kunisoma. Wanisome, nitatoa. Sikujua njo nyinyi."

"Sasa unajua," alisema Mounira. "Hapa hatutaki mutu wa kutia chumvi mu kitabu ya watu. Kama hauwezi kusema kweli, njia ni ile."

Francine akasimama. Akatafuta kiatu chake kimoja alichokuwa amekiacha kando ya mkeka, na hakuna aliyemsaidia kukitafuta.

Fatuma alikuwa ameshika birika. Alimwangalia mwanamke huyu aliyekimbia vita na bado akakumbuka mwisho wa hadithi vizuri kuliko wote, akifukuzwa kwa kusema kweli, katika nyumba yake yeye, kwa ajili ya uongo wake yeye. Miaka minane alikuwa amejiambia kwamba uongo ule haukumdhuru mtu, ni hadithi tu. Sasa mtu alikuwa mbele yake, anapapasa kiatu. Na mwingine alikuwa Wamaza, na madaftari saba kwenye sanduku.

Akaona haya. Kisha haya ikaisha, ikabaki hasira, na hasira hiyo ikamfungua mdomo.

"Kaa, dada," alimwambia Francine. "Usivae."

Akaweka birika, akaingia chumbani. Alichukua wembe kutoka dirishani, akauvuta mto, akaupasua kwa mpasuo mmoja tu. Sufi ikaruka mpaka kwenye chandarua. Alizamisha mkono, akalipata fungu, limejikunja, lina rangi ya chai, uzi mweusi wa Mounira bado uko imara.

Alirudi uani na sufi kichwani. Hakuifuta. Akaliweka fungu la saba katikati ya mkeka, karibu na sahani ya karanga.

Mounira alitambua mshono wake, maana hakuna mwingine Kasongo anayefunga fundo mara mbili namna ile.

"Mchwa," alisema hatimaye. "Ulituambia mchwa."

"Nilisema uongo. Mchwa haikula. Francine amesema kweli. Mimi njo nilitia chumvi."

"Fatuma!"

"Ngoja kwanza nisome. Matusi baadaye, muda uko."

Akaketi, akalifungua, akaanza.

"Katikati ya Luama Mwavita akaacha kupiga kasia, akalilaza juu ya magoti. Wazee wanne wakashika kingo za mtumbwi kwa mikono yote, maana hakuna aliyejua kuogelea. Kuku wawili wakalia miguuni mwao. 'Wazee wangu,' akasema, 'mmetoka mbali, nami nawaheshimu. Ng'ambo ile yuko bwana aliyewatuma. Ng'ambo hii iko njia ya kwenda mtakako. Semeni niwafikishe wapi.'"

Nyuma ya pazia Iliasi akakohoa. Wote walikijua kikohozi hicho. Kikitoka mara moja maana yake mpunguze sauti, kikitoka mara mbili maana yake mnyamaze. Kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimefunga midomo saba bila kuhitaji cha tatu.

Fatuma akapandisha sauti.

"'Lakini popote mtakaposhuka, mimi nitabaki mtumbwini. Kuku wenu wamenona, rudini nao. Kitenge ni kizuri, mpeni atakayekipenda.' Mzee mmoja akasema kwamba mwanamke bila mume ni…"

Kikohozi cha pili.

"…mwanamke bila mume ni mtu wa kuhurumiwa. Mwavita akaitazama mikono yao iliyong'ang'ania mtumbwi, akasema, 'Sasa hivi, mzee wangu, ni nani hapa wa kuhurumiwa?'"

Dorothée aliangua kicheko, akajiziba mdomo, akaziba bure. Francine alikuwa akisogeza midomo pamoja na maneno, kwa kuwa aliyajua kwa moyo. Fatuma alisoma kurasa kumi na moja bila kupumzika, mpaka mahali wazee wanaposhushwa salama upande ule walikotoka, na mkubwa wao anageuka majini, maji ya magoti, kuuliza: Tukifika tumwambie nini?

"'Mwambieni,' akasema Mwavita, 'kwamba mlinikuta kazini.'"

Akalifunga fungu. Mwisho ulikuwa huo.

"Miaka munane," alisema Mounira. "Nilimuandikia mwalimu ya watu matusi kwa mukono wangu. Nimemutukana huyu dada sasa hivi. Juu yako! Kwa sababu gani, Fatuma?"

"Unauliza kwa sababu gani?"

"Ninauliza."

Fatuma aligundua kwamba haogopi. Alishangaa, kama mtu aliyeweka mzigo chini na bado anainama.

"Wifi, siku ile nilikuwa na siku tatu tangu nitoke Lusangi. Nani alinishika mukono kunitoa kwa baba yangu? Si wewe? Wazee wane, kuku wawili, na kitenge ya kijani. Uliniambia mwanamuke muzuri anarudi. Nikarudi. Jumamosi ukakaa pale pale unakaa sasa, ukatema mate, ukasema mwanamuke mwenye kurudi kheri azame. Ulikuwa unasema na nani, wifi?"

Mounira alivuta mkoba wake karibu na magoti.

"Mulitaka Mwavita akatae," Fatuma aliendelea, na sasa alikuwa akisema nao wote, na pazia pia. "Mu kitabu munapenda mwanamuke wa kukataa. Mu nyumba munamuletea kuku. Mimi nilirudi, na watoto wangu siwajutii. Lakini yeye hakurudi, na sitamurudisha tena. Barua ya Wamaza nitaandika mimi mwenyewe. Nitasema Kasongo haikusoma, Kasongo ilidanganywa, na jina yangu nitaweka chini, Fatuma binti ya Musafiri wa Lusangi, hata akitaka kuichapa mu kitabu aichape."

"Nitaipeleka mimi," alisema Francine. "Juma ijayo ninapita."

"Na hii ya tatu," alisema Dorothée, "mimi ninataka tuirudilie yote. Hapana mafungu tena. Mumoja anasoma, wote tunasikia kwa masikio yetu."

Wote wakamtazama Mounira, kwa kuwa mafungu mengine sita yalikuwa mkobani mwake, alimotunza vitabu vya kikundi, na kwa kuwa hajawahi maishani mwake kurudia kitabu alichokikataa. Aliokota punje moja ya karanga, akaimenya, hakuila. Kisha akamwambia Francine, bila kumwangalia sana, "Dada, kiatu yako iko nyuma ya mutungi. Mimi niliisukuma kwa muguu. Unisamehe." Akafungua mkoba, akayatoa mafungu sita, akayapanga juu ya la saba, moja baada ya moja.

Pazia likatikisika. Iliasi hakulifungua. Mtu mwenye duka hapendi kukutana na macho ya wanawake wanane kwa pamoja.

"Mounira!" aliita, sauti nene, ya mtu aliyekwisha kukohoa mara mbili bure. "Ambia muke wangu aache hayo mambo, alete chai huku. Yeye iko anafanya nini?"

Fatuma akaweka mkono kwenye fungu la kwanza, tayari kusimama mwenyewe na kujibu. Mounira akamzuia kwa kiganja. Aliinuka yeye, mzito, akishika goti, akaenda mpaka kwenye pazia, akalivuta upande wote, mwanga wa ua ukamwangukia mdogo wake katikati ya sabuni zake.

"Tumemukuta kazini," alisema Mounira. "Chai iko mu termosi. Jimiminie. Na soda, usitume, leo tutajinunulia."

Akaliacha pazia wazi, akarudi kuketi, akamwambia Fatuma aanze ukurasa wa kwanza, kwa sauti, asikie hata huyo wa dukani.